Mdogo wangu ana sikoseli na macho yamezidi unjano. Hii MRI ya njia za nyongo ina faida au tunatupa hela?

DadaWaMoro

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uelewa anisaidie, na kwenye hili tusitaniane.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, ana sikoseli. Macho yake ni ya njano tangu utoto, nyumbani tumeshazoea, na shuleni walimpachika jina la "Yanga" wakati mwenyewe ni Simba wa kulia machozi. Sasa wiki tatu zilizopita alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani, akatapika usiku kucha. Kulipokucha macho yamekuwa ya njano nyingine kabisa, kama kiini cha yai la kienyeji. Mkojo kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Choo, samahanini wanaokula, kimepauka kama unga wa muhogo uliolowa.

Altrasaundi imeandikwa: mawe mengi madogo kwenye mfuko wa nyongo, mrija mkuu wa nyongo umetanuka milimita 9, sehemu ya chini ya mrija haikuonekana kwa sababu ya gesi. Damu: bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na damu kuvunjika, kwa jumla 118, ya dairekti, yaani iliyokwishapita kwenye ini, 61. Daftari lake la kliniki linaonyesha siku zote jumla huwa kati ya 45 na 55, na dairekti ni kidogo tu.

Daktari wa kwanza anataka apigwe MRI ya njia za nyongo. Laki nne na nusu, na bima yake imeisha Juni. Daktari wa pili anasema tusipoteze muda, aende Dar apitishwe ile kamera ya mdomoni wavute mawe. Mjomba anasema wote wanatafuta hela, kuna mtu anamjua anauza dawa ya kuyeyusha mawe. Kila mtu ananipigia mimi simu kwa sababu ndiye ninayefanya kazi.

Kingine, ana chuma pajani, alivunjika kwa bodaboda 2022. Nimesikia hiyo mashine ni sumaku, si itakichomoa?

Homa hana kwa sasa, na maumivu yametulia.

Tiba_ya_Bibi

Dada usihangaike na hospitali. Mafuta ya zeituni nusu glasi na maji ya limao nusu glasi, saa nne usiku, alale ubavu wa kulia. Asubuhi mawe yanatoka yenyewe, ya kijani, utayaona kwa macho yako yanaelea. Nimetibu wengi. Njoo inbox.

BintiKisauni

Pole sana dadangu. Mimi nimepimwa kipimo hicho hicho hapa Mombasa, mwaka mmoja baada ya kutolewa mfuko wa nyongo. Nilidhani nyongo ikishatolewa mambo yamekwisha, kumbe kijiwe kimoja kilikuwa kimeteremka zamani kwenye mrija kikajikalia. Altrasaundi mbili hazikukiona. MRI ikakiona.

Nikuambie ukweli, kilichonitesa ni kufungiwa mle ndani. Mimi hata lifti siingii. Mara ya kwanza nilibonyeza ile mpira ya kuita nikatolewa baada ya dakika mbili, naona haya. Mara ya pili yule kijana wa mashine akaniuliza kama naweza kuingizwa miguu kwanza, kichwa kikabaki karibu na mlango, akanifunika macho na kitambaa. Nikasoma Yasini yote niijuayo kwa moyo. Kelele zake ni kama mafundi bati wawili wanaoshindana, lakini unavishwa vizuia sauti masikioni. Mwambie mdogo wako haumi. Wala mimi sikudungwa sindano.

FundiSumaku

Dada, pole. Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye hospitali ya rufaa ambayo sitaitaja. Mimi si daktari wake na uamuzi si wangu. Ila majibu uliyoyaandika yametimia kuliko fomu nyingi zinazokuja mezani kwangu, maana nyingi zimeandikwa "maumivu ya tumbo" basi.

Nianze na jambo moja kabla ya hela. Akipata homa ya kutetemeka, maumivu yakarudi, na macho hivyo hivyo, hapo usisubiri MRI wala mimi. Hiyo ni nyongo iliyoziba na kuingia wadudu, mtu anaweza kuharibika ndani ya saa chache. Anapelekwa usiku huo huo anaanzishiwa dawa ya mshipani, na mrija unafunguliwa. Nimewahi kuletewa kijana wa namna hiyo akitetemeka juu ya kitanda changu kwa sababu "picha kwanza". Nilimrudisha wodini bila kumpiga picha, nikasemwa, na sijutii.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Kwa mtu asiye na sikoseli, kazi ingekuwa rahisi. Miongozo ya mabingwa inasema bilirubini ikizidi kama 68, na mrija umetanuka, uwezekano wa jiwe ni mkubwa, mpeleke kwenye kamera moja kwa moja. Nadhani hapo ndipo daktari wa pili aliposimama, na kwa vitabu hajakosea. Lakini mgonjwa wa sikoseli damu yake inavunjika kila siku, bilirubini yake iko juu hata akiwa anacheza mpira. Katika hiyo 118, sehemu ni ya sikoseli yake ya siku zote. Kinachonishtua mimi si 118, ni ile dairekti 61, pamoja na mkojo mweusi na choo cheupe. Nyongo inayopita vizuri ndiyo inayopaka choo rangi. Choo kikipauka, kuna mahali bomba limebanwa. Au lilibanwa, maana umesema ni wiki tatu. Vijiwe vidogo vina tabia ya kuteremka, kukwama mlangoni, kuumiza mtu usiku mmoja, kisha kudondokea utumboni vikaenda zake. Mrija unabaki umetanuka kwa muda. Kwa hiyo swali lenu ni moja: sasa hivi mle ndani kuna jiwe au hakuna?

Kamera ya mdomoni, ERCP, inajibu swali hilo na inatibu hapo hapo. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake, kati ya watu 100 wanaofanyiwa, kama 3 hadi 10 hivi kongosho linavimba, na wengine wanatoka damu au utumbo unatobolewa. Analazwa usingizi, na kwa mwenye sikoseli usingizi una maandalizi yake. Huo ni mzigo wa haki kuubeba kama jiwe lipo. Kama halipo, umembebesha bure.

MRI hii tunaiita MRCP, ilianza kuandikwa na Wajerumani mwaka 1991. Haina mionzi kabisa. Nitakueleza inavyofanya kazi ili usione laki nne na nusu ni uchawi. Mashine tunaiseti ili maji yaliyotulia tu ndiyo yawake. Nyama inazimika, mafuta yanazimika, hata damu inazimika kwa sababu inakimbia. Nyongo imekaa tu mle kwenye mirija yake, basi inawaka nyeupe kama karabai, na unaona mti mzima: matawi ndani ya ini, shina likishuka, mfuko umening'inia pembeni kama embe dogo. Jiwe halina maji ya kuwaka, kwa hiyo linaonekana kama shimo jeusi ndani ya bomba jeupe. Watu hudhani ni jeusi kwa kuwa mawe ya sikoseli ni meusi kweli ukiyashika. Hapana, hata lile la njano la mama mnene wa miaka arobaini kwangu linatoka jeusi.

Altrasaundi kwa mawe ya ndani ya mfuko ni bingwa, huhitaji MRI kuthibitisha hayo. Shida ni shina la chini, linapita nyuma ya utumbo, na utumbo una hewa, na sauti ya altrasaundi haivuki hewa. Ndiyo maana ripoti yako ikasema "haikuonekana". Aliyepima ameandika kwa uaminifu, wengine wangeandika "kawaida". Sitiskani nayo haikufai hapa, ina mionzi na mawe mengine yanafanana na nyongo yenyewe, yanapotea.

Nisikudanganye kwamba picha yangu haikosei. Jiwe chini ya milimita 3 hadi 5 linaweza kutupita, na sikoseli wanapenda vijiwe vya saizi hiyo hiyo. Povu la hewa linaweza kujifanya jiwe. Hewa inaelea juu, jiwe linazama nyuma, ndiyo tunavyowatofautisha. Mshipa wa damu ukikatiza juu ya mrija unaacha kivuli, mgeni wa kazi anaandika "umeziba". Na msuli wa mlango wa chini, ule unaoachia nyongo utumboni, hujifunga na kujifungua wenyewe. Ukiupiga umejifunga unaona kama jiwe la duara limekaa pale. Dawa yake ni kupiga tena na tena kila baada ya muda mfupi, halafu unaukuta umefunguka na "jiwe" halipo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwita bingwa kwa mbwembwe nimwonyeshe jiwe. Akasema rudia. Nikarudia mara nne. Ya nne bomba jeupe tupu mpaka mwisho. Hakusema kitu, alikunywa chai yake.

Kuhusu chuma cha paja: bamba na misumari ya mifupa mara nyingi si kizuizi, haichomoki, na paja liko mbali na ini kwa hiyo haliharibu picha. Ila lazima aseme mlangoni, na njoo na karatasi ya upasuaji au picha yake ya eksirei. Akihisi pale pana moto, abonyeze mpira.

@Tiba_ya_Bibi, yale ya kijani yanayoelea ni sabuni. Mafuta na limao vikikutana na vimiminika vya tumbo vinagandamana vidonge, ukiviacha juani vinayeyuka. Ukitaka uhakika mnyweshe mtu aliyekwishatolewa mfuko wa nyongo, "mawe" yatatoka vile vile. Jiwe jeusi la sikoseli halijui limao. Na huyu kijana ana mrija uliotanuka, nusu glasi ya mafuta inaufanya mfuko ujikamue kwa nguvu, unaweza ukasukuma kijiwe kingine kikakwama. Tafadhali mwache.

Mzee wa Pangani

Shukrani fundi kwa elimu. Mimi nina betri ya moyo, nami nimeambiwa nina mawe. Naruhusiwa?

FundiSumaku

Shikamoo mzee. Betri ziko aina nyingi, nyingine zinaruhusiwa kwa masharti na nyingine haziruhusiwi kabisa. Usiingie chumba chochote cha MRI kabla daktari wa moyo hajaangalia kadi ya betri yako. Kama kadi imepotea, itafutwe kwanza.

DadaWaMoro

Fundi Mungu akubariki, umenifanya nielewe vitu ambavyo nimelipia kuonana na watu wawili sikuelezwa. Tumeamua apige. Mjomba kanuna. Sasa naomba maandalizi. Nimeambiwa asile tangu usiku, nami naogopa, huyu akikaa na njaa na kiu ndiyo maumivu ya mifupa yanaanza. Na hicho chumba nasikia kina baridi.

FundiSumaku

Umeuliza jambo ambalo nalilalamikia kila wiki. Kwenye karatasi za maandalizi wameandika "afunge tangu saa sita usiku" kwa watu wote, mtoto, mzee, mwenye sukari, mwenye sikoseli. Tunachotaka ni muda wa masaa manne hadi sita tu bila chakula. Sababu ni mbili: mfuko wa nyongo ukikaa bila kazi unajaa, unaonekana vizuri, na tumbo likiwa tupu halina maji yanayowaka na kufunika mrija. Basi.

Piga simu kitengoni kesho, sema kabisa mgonjwa ana sikoseli, omba nafasi ya kwanza asubuhi. Ale chakula cha usiku vizuri na anywe maji mengi kabla ya kulala. Waulize kama anaruhusiwa mafunda ya maji asubuhi, sisi tunaruhusu. Akionekana kukauka, awekewe dripu kabla ya kuingia. Foleni ikivurugika ikafika saa sita mchana hajaingia, usikae kimya kwa heshima, amka ukaseme.

Baridi ni kweli, mashine inataka ubaridi na mtu anabaki na shuka jepesi. Mpeleke na soksi nzito zisizo na nyuzi za kung'aa, na blanketi la pamba. Nguo za michezo zenye nyuzi za fedha kitambaani hatuzitaki, zinashika moto. Naomba umkague wewe nyumbani: cheni, pete, mkanda, simu, funguo, kadi ya benki. Kama kuna mwanamke atakayeingia naye kumshika mkono, basi pini za hijabu, sidiria yenye waya, vibanio vya nywele. Na kama amevaa hirizi, mwambie asione aibu. Nyingi zina kidebe cha bati ndani ya ngozi. Nimeshaona moja ikisimama wima mkononi mwa mtu kama inataka kuruka, tulicheka baadaye, siyo wakati ule.

Kuhusu nanasi, maana najua mtaulizana. Hospitali nyingine humpa mgonjwa juisi ya nanasi dakika kama 15 au 20 kabla. Nanasi lina madini ya manganizi, yanazima mwanga wa maji ya tumboni, hivyo tumbo na mwanzo wa utumbo vinakuwa vyeusi, mrija unabaki peke yake ukiwaka. Tulijaribu mananasi ya Kiwangwa siku moja na wodi nzima ikanukia sokoni. Yalifanya kazi. Lakini asijinyweshe mwenyewe nyumbani, asubiri aambiwe.

Jambo kubwa kuliko yote ni pumzi. Picha nyingine zinapigwa ukiwa umeshika pumzi sekunde chache, nyingine inachukua dakika nne tano na mashine inafuata mwendo wa pumzi yako. Akihema ovyo, picha inatikisika na kijiwe cha milimita 4 kinapotea kwenye ukungu. Mimi huwa namkalisha mgonjwa kwenye benchi la nje tunafanya mazoezi: vuta, toa, toa yote, shika. Fanyeni leo usiku sebuleni mara kumi. Jumla ndani ni kama nusu saa.

Ukipewa majibu, usichukue ile picha moja nzuri ya mti mzima ukamtumia daktari kwa WhatsApp. Ile imekusanywa kutoka vipande vingi na mwanga mkali unafunika vijiwe. Omba CD yenye vipande vyote.

DadaWaMoro

Narudi kama nilivyoahidi, siku tisa baadaye.

Aliingia saa moja na nusu asubuhi, wa kwanza. Walimwekea dripu baada ya mimi kusema sana mpaka nikaonekana mkorofi. Mazoezi ya pumzi alifanya na watoto wa jirani, wote wakawa wanashika pumzi sebuleni hadi mmoja akaanguka kwa kicheko.

Ripoti: mawe mengi kwenye mfuko wa nyongo, mrija mkuu milimita 6, hauna jiwe mpaka mwisho, matawi ya ini hayajatanuka. Wameongeza kwamba ini lina giza kuliko kawaida, wanahisi madini ya chuma kutokana na damu alizoongezewa miaka yote. Hilo hatukulitegemea, kliniki wamesema watalifuatilia.

Daktari akarudia damu: jumla 57, dairekti 9. Kasema jiwe lilishapita. Kamera ya mdomoni imefutwa. Anapangiwa kutolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo mwezi ujao, kwanza aandaliwe damu.

FundiSumaku

Nimefurahi dada. Milimita 6 kutoka 9 na damu imeshuka, vinaambatana, ndiyo inanipa raha kuliko ripoti peke yake. Vijiwe vidogo bado vimo kwenye mfuko, kwa hiyo mwezi ujao uwe mwezi ujao kweli, usije ukawa Desemba. Macho na mkojo endeleeni kuangalia kila asubuhi. Na lile giza la ini msiliache, hapo hapo kwenye MRI kuna namna ya kupima kiasi cha chuma, uliza kliniki.

Hirizi ilikuwepo?

DadaWaMoro

Ilikuwepo. Tena mbili, ya pili ilikuwa kiunoni na mimi mwenyewe sikuijua. Bibi alikaa nazo kwenye benchi la nje amezifumbata mkononi nusu saa nzima, akakataa hata kushika chai.